Cherehani Iliyokuwa ya Serikali

Hakuna mtu Kisumu nzima aliyeliandika neno "serikali" mara nyingi kuliko mimi. Nasema hivyo bila aibu. Mawaziri walilitamka, machifu walitishia watu nalo, wazee wa baraza walilitaja kwa kushusha sauti, lakini kuliandika, herufi kwa herufi, kwa rangi nyeupe, juu ya kila kitu kilichokaa tuli, hiyo ilikuwa kazi yangu. Niliandika MALI YA SERIKALI kwenye wilbaro, ngazi, ndoo, majembe, meza, mapipa ya lami, na siku moja, kwa kuharakishwa, kwenye kiatu changu mwenyewe. Kiatu hicho nilikivaa miezi minne na hakuna mtu aliyenikanyaga.

Kwa hiyo nyinyi vijana mnapobishana mbele ya redio, serikali ni nani, serikali ni nini, serikali imefanya hili haikufanya lile, mimi hukaa pembeni nikijichekea. Sikusomea siasa. Nilikuwa fundi wa rangi katika karakana moja ya serikali pale mjini, ambayo sitaitaja jina maana baadhi ya wilbaro zake bado hazijulikani ziko wapi. Niliingia uhuru ukiwa bado mpya, nikatoka mvi zimeshafika kwenye nyusi. Kama kuna kitu ninachokijua, ni vile neno hilo lilivyofanya kazi mikononi mwa watu.

Kwanza niwafundishe kuchapa, msije mkasema mzee alipiga domo tu. Tulikuwa na bati jembamba lililokatwa herufi ndani yake. Unaliweka juu ya kitu, unapitisha rangi kwenye matundu, unaliondoa, neno limebaki. Mtu mjinga huchovya brashi mpaka ikalewa, halafu hupaka kushoto na kulia. Rangi hupenya chini ya bati, na badala ya SERIKALI unapata kitu kama ramani ya ziwa. Mzee Barnaba, aliyenifundisha, alitaka brashi iwe karibu kavu. Unagonga kwa ncha, tap, tap, tap, unapanguza bati mgongoni, unaendelea. Alikuwa mtu mfupi mwenye kikohozi kirefu, na rangi ikichuruzika alikuwa haniambii kitu. Aliniletea tu kitambaa na kusimama hapo mpaka nione haya.

Na mahali pa kuchapa pia pana elimu yake. Jembe hulichapi kwenye mpini mkono unaposhika, maana kwa wiki mbili jasho limekula kila kitu. Ngazi huichapi kwenye vidato. Mzee Barnaba alisema kitu kichapwe mahali ambapo mwizi ataona kabla hajakigusa, kwa sababu mwizi akishagusa, mkono wake huwa umeshazoea.

Zamani za mkoloni vyombo vilichapwa herufi mbili tu za Kizungu. Hazikumtisha mtu. Wilbaro ikiachwa barabarani asubuhi, jioni inabeba mahindi Nyamasaria. Baada ya uhuru mkubwa wetu akaamua tuandike lugha ambayo watu wanaielewa, na Mzee Barnaba akakata bati jipya kwa mikono yake. Jamani, tulishangaa. Wiki ya kwanza tu, wilbaro moja ilisahauliwa kando ya barabara pale pale Nyamasaria, ikakaa siku tatu, watu wakiizunguka. Mama mmoja aliinua kikapu chake juu ili kisiiguse. Tulipoenda kuichukua tulikuta mtu ameifunika kwa majani ya migomba, isinyeshewe.

Tulijiona wafalme. Lakini neno hilo lilikuwa na ukaidi wake. Mwezi uliofuata wilbaro nyingine ilitumbukia mtaroni huko Obunga, miguu juu, ikaziba maji yote ya mvua. Maji yakaingia majumbani. Wanaume kumi wangeweza kuitoa kwa dakika moja, ila hakuna aliyethubutu. Nilipofika, mzee mmoja aliyekuwa amesimama kwenye maji mpaka magotini alinieleza kwa upole sana kwamba walikuwa wakingojea mwenyewe. Nilimuuliza mwenyewe ni nani. Akanionyesha maandishi.

Ndivyo lilivyotumika. Askari mmoja akipita na baiskeli, watu husema serikali imepita. Dereva wetu akisinzia chini ya gari, watoto huambiwa wasipige kelele, serikali imelala. Bibi mmoja wa Nyalenda, anayeuza omena, aliniuliza kwa dhati kabisa kama serikali anakula samaki, na kama anakula, kwa nini hajawahi kumwona sokoni. Nilimwambia serikali ina shughuli nyingi. Akasema basi mkewe angekuja.

Sasa lazima nimlete Bwana Kihara. Huyu alikuwa karani wa stoo, ametoka sehemu za kati za nchi, mrefu, mkimya, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo yake inaweza kukukata. Leja yake hakuiacha hata akienda kunywa chai. Kwake yeye dunia iligawanyika mara mbili: vitu vilivyoandikwa, na fujo. Kijaluo alikuwa hajui, na kwa miaka yote aliyokaa Kisumu alijifunza neno moja tu, "ero kamano", asante, akalitumia kwa kila jambo, hata kwenye matanga.

Nilimjua vizuri kwa ajili ya ngazi ya kanisa. Karakana ilikuwa imeazima ngazi ndefu kutoka kanisa moja la jirani ili tupake dari. Mimi, katika bidii yangu ya ujana, niliichapa pamoja na zetu. Pasta alipokuja kuichukua, Bwana Kihara alitazama chapa, akatazama leja, akasema chenye chapa ni chetu. Pasta alikuja mara tatu. Alileta hadi mzee wa kanisa aliyeitengeneza, akaonyesha misumari yake mmoja mmoja. Mwishowe kanisa likawa linaazima ngazi yake lenyewe kutoka kwetu, pasta anatia sahihi, na Bwana Kihara anamwambia ero kamano. Mzee Barnaba alicheka mpaka kikohozi kikamwangusha kwenye gunia la chokaa. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nimeona kwamba chapa yangu ikishakauka, hakuna mlango wa kurudia.

Na bado nilikwenda nikafanya niliyoyafanya.

Nilikuwa nimepanga chumba Nyalenda, katika ua mmoja na fundi cherehani aliyekuwa akishona barazani pamoja na mkewe, Mama Dorsila. Yule bwana aliugua miaka miwili. Miaka yote hiyo miwili ni Mama Dorsila aliyekanyaga cherehani, akashona sare za shule, akalipa kodi, akanunua dawa, akalisha watoto watatu. Mumewe alipofariki tukamzika nyumbani kwao, tukalia, tukala, tukarudi.

Kwa desturi yetu, matanga yakishapoa, ndugu za marehemu hugawana vitu vyake. Si wizi, msinielewe vibaya. Koti humwendea huyu, kiti yule, ili jina lake lisipotee. Mashemeji wawili walikuja. Mkubwa aliitwa Okumu, mtu mwenye heshima zake, amewahi kuwa karani wa mnada wa ng'ombe na anajua kusoma. Mdogo wake alikuwa na mabega mapana na hakuwa msemaji. Walichukua koti, kiti, redio na baiskeli. Cherehani ilikuwa ya miguu ya chuma, nzito, baiskeli isingeibeba. Wakasema watarudi Jumamosi na mkokoteni.

Mama Dorsila alinijia Alhamisi, nikirudi kutoka kazini na mkebe wangu wa rangi na bati. Hakulia. Alikuwa amefunga kilemba chake kwa nguvu sana.

"Odera," akaniambia, "wewe kila siku unaandika sirkal kwa vitu ya watu. Andikia mimi moja."

Nilimwambia haiwezekani. Nilimwambia ni kosa, nitafukuzwa, naweza hata kufungwa. Nilimweleza ngazi ya kanisa kutoka mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza, akanipa uji, akaniuliza kama uji una sukari ya kutosha. Halafu akasema sare za shule za watu ishirini ziko mezani, nusu hazijakatwa, na Jumamosi mashine inakwenda. Watoto walikuwa wamekaa mlangoni wakinitazama mimi na kikombe.

Basi nikachapa. Tap, tap, tap. Nilichagua ubavu wa mbao ya meza, upande wa mbele, mahali mtu anaona kabla hajagusa. Sijawahi kuchapa vizuri hivyo tena. Hata nukta moja haikuchuruzika. Mzee Barnaba angeliona angelia kwa furaha, halafu angeniripoti.

Jumamosi mashemeji wakaja na mkokoteni. Mimi nilikuwa chumbani kwangu, jicho kwenye ufa wa mlango. Yule wa mabega aliinama ashike miguu ya chuma, na Okumu akamzuia kwa mkono. Alisoma. Alirudi nyuma hatua mbili, akasoma tena kutoka mbali. Akauliza kwa sauti ya chini kama marehemu alikuwa ameajiriwa na sirkal. Mama Dorsila, kichwa kimeinama juu ya sare, akamwambia marehemu alikuwa mtu wa siri nyingi. Okumu akavua kofia. Sijui aliivulia marehemu au mbao. Waliondoka na mkokoteni mtupu, na mimi nikaanguka kitandani nikiuma mto nisisikike nikicheka.

Hapo ndipo ujinga wangu ulipozaa ujinga mwingine. Habari zikazunguka ua kwa ua. Mtu wa Obunga akataka nimchapie baiskeli. Mwingine akataka jogoo, maana jirani yake ana tabia. Mama mmoja aliniuliza kama rangi ile inashika kwenye ngozi, amlete mume wake nimchape mgongoni, pengine wanawake wengine wangemwogopa. Niliwakataa wote, isipokuwa mwenye jogoo, kwa sababu nilitaka kuona. Jogoo hachapiki, vijana. Msijaribu.

Miezi ikapita. Nilianza kuamini kwamba dunia imesahau.

Kumbe Okumu hakuwa analala. Huyu ndiye mtu niliyemkosea hesabu. Nilidhani amekasirika, au amekubali yaishe. Yeye alikuwa anaogopa. Kila usiku aliwaza mali ya serikali imekaa katika nyumba ya ndugu yake, siku ikikosekana ukoo mzima utaitwa. Aliwaza, akawaza, na kwa kuwa alikuwa raia mwema kuliko sisi sote, alivaa koti la marehemu, akaja karakana na mdogo wake kuripoti kwamba serikali imesahau cherehani yake Nyalenda.

Bwana Kihara alifungua leja. Alitafuta chini ya vyombo vya barabara. Alitafuta chini ya mabomba. Idara yetu ilikuwa haijawahi kushona hata kifungo. Alifunga leja, akaifungua tena kutoka mwisho, kisha akaniita mimi na mkebe wangu. Alitaka mtu wa kuitambua chapa.

Tulikwenda na pikapu, Okumu na mdogo wake nyuma, mimi katikati ya dereva na Bwana Kihara. Yeye alikuwa na leja magotini. Mimi nilikuwa nahesabu mambo mawili. Nikisema chapa ni ya kweli, cherehani inaandikwa kwenye leja na inakwenda stoo kuungana na ngazi ya kanisa. Nikisema ni ya uongo, inafutwa, na mashemeji wako hapo hapo nyuma ya gari na mabega yao. Vyovyote vile mashine inatoka. Na vyovyote vile mimi ndiye niliyeifanyia hivyo, kwa mkono wangu, kwa kujiona mjanja. Niliona aibu ambayo kitambaa cha Mzee Barnaba hakijawahi kunipa.

Mama Dorsila alikuwa barazani akishona. Alituona, akamaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi. Bwana Kihara alimsalimu vizuri, akaomba ruhusa, akachuchumaa aitazame chapa. Ilikuwa chini kidogo. Akachuchumaa zaidi. Ndipo tukasikia suruali yake ikipasuka, mshono wa nyuma wote, kutoka kwenye mkanda kwenda chini, sauti ndefu isiyo na haraka.

Hakuna aliyecheka. Namwapia Mungu, nilikuwa karibu kufa kwa hofu na karibu kufa kwa kicheko, na vyote viwili vilinizuia kupumua. Bwana Kihara alisimama polepole, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa nyumba, akafungua leja kifuani. Kesi yote iliyofuata aliisikiliza akiwa ameegemea ukuta huo.

"Hii kitu iliandikwa na nani?" akauliza.

Mama Dorsila alifungua mdomo. Nilijua angenificha, angesema walikuja watu asiowajua. Nilimtangulia.

"Ni mimi, Bwana. Mashine si ya serikali. Ni ya huyu mama. Nilichapa ili isichukuliwe."

Okumu aliachia pumzi ndefu, nadhani ya mtu aliyebeba mzigo usio wake miezi minane. Mambo yangu mimi yaliisha hivi, niwaambie sasa msipate wasiwasi: sikufukuzwa. Nilipewa vyoo vyote vya kambi ya wafanyakazi nivipake chokaa, ndani na nje, peke yangu, msimu wa joto. Lakini pale barazani sikujua hivyo.

Kisha akamgeukia Mama Dorsila, akamuuliza kwa nini aliitaka serikali kwenye mashine yake.

"Mimi nilikuwa natafuta mtu mmoja tu, ambaye shemeji zangu wanaogopa," akasema. "Kanisa hawaogopi. Mimi hawaogopi. Sasa nikaona hiyo ya Odera iko tayari kwa mkebe."

Bwana Kihara aliandika kitu kwenye leja, au alijifanya. Kisha akaniamuru nifute. Nilichukua tapentaini na kitambaa, nikapiga magoti. Rangi yangu ilikuwa imeshika vizuri mno, ilinichukua muda, S ikatoka, E ikatoka, na kila herufi iliyotoka nilisikia mashemeji wakisogea karibu. Nilipofika mwisho ubavu wa mbao ulikuwa mtupu, umebaki alama ya unyevu tu. Yule wa mabega akainama akashika miguu ya chuma.

"Basi," akasema Okumu, kwa heshima kabisa, "kama si ya sirkal, ni ya marehemu."

Mama Dorsila hakubishana. Alimtazama Bwana Kihara pale ukutani, akamwambia kwamba mkubwa wa ofisi hawezi kupita katikati ya Nyalenda hali hiyo, watoto wa shule wanatoka saa hizi. Amshonee kwanza. Mashine wachukue baadaye, si mbali. Bwana Kihara alifikiria watoto wa shule. Akaingia chumbani, akapitisha suruali kwenye pazia, na mkono wa Mama Dorsila ukampitishia leso.

Okumu na ndugu yake wakabaki wamesimama. Suruali ilikuwa ya kaki, ya kutoka stoo, nami kwa mikono yangu nilikuwa nimeichapa ndani ya mkanda. Ilipowekwa chini ya sindano, chapa ikageuka juu. Yule wa mabega aliiona. Akaiachia miguu ya chuma, akajipangusa mikono.

Nilidhani hilo ndilo pumziko lote tulilopata, urefu wa mshono mmoja wa suruali. Lakini pazia likafunguka na Bwana Kihara akatoka. Alikuwa amejifunga leso ya maua mekundu makubwa kiunoni, shati lake la pasi juu, soksi zake mpaka magotini, leja mkononi. Akaketi kwenye kigoda, akavuta leso ikafunika magoti, akafungua ukurasa mweupe.

"Jina lako," akamwambia Okumu.

Okumu akamwuliza ni ya nini.

"Mimi ni karani. Kitu kikitoka mahali mbele yangu, naandika kimetoka wapi na nani amechukua. Jina lako, la baba yako, kijiji, chifu wenu. Halafu naandika: cherehani ya kazi, imetolewa kwa mjane, watoto watatu. Mimi sikukatazi. Chukua. Naandika tu."

Hakupandisha sauti. Aliilamba ncha ya penseli, akangoja. Na mimi niliyekuwa nimelichapa lile neno kwenye mapipa na wilbaro za mji mzima, niliona kwa mara ya kwanza kwamba halihitaji bati. Mbao ilikuwa tupu. Suruali ilikuwa kwenye mashine. Palikuwa na mtu wa leso tu, anauliza jina, yuko tayari kukaa hapo mpaka alipate.

Okumu na mdogo wake wakazungumza Kijaluo, kwa haraka. Yule wa mabega, ambaye nilikuwa sijasikia sauti yake, alisema yeye jina lake lisiwekwe karibu na neno mjane. Akasema pia, na hili lilinigusa, kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyemfundisha mkewe kushona, na asingependa. Okumu alijishika ukosi wa koti la marehemu. Alikuwa na haya, si hofu tu, na haya ya mtu mzima haifichiki. Mwishowe akasema kwa Kiswahili kwamba wamemwachia shemeji yao mashine, ni yake, na watoto ni wa wote.

"Sema tena pole pole," akasema Bwana Kihara, "niandike."

Akasema tena. Bwana Kihara akaandika kila neno, akampa leja atie sahihi, akanigeuzia mimi nitie ya shahidi. Nilitia sahihi kwa haraka hata jina langu likawa ramani ya ziwa. Kisha akawaambia wale ndugu wawili ero kamano, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Kisumu, neno hilo lilikuwa mahali pake.

Walipoondoka, sisi watatu tulibaki barazani tukisikiliza mashine. Ndipo kicheko kikaniponyoka. Nilijaribu kukirudisha, kikatokea puani. Mama Dorsila alianza naye, bila kuinua kichwa, mabega yanamruka, mguu bado unakanyaga, na Bwana Kihara pale kwenye kigoda akatazama maua ya magotini mwake, akatazama leja, akacheka kicheko kidogo kikavu. Sikuwahi kukisikia tena.

Suruali ikaisha. Akaingia ndani, akatoka mtu wa ofisi, akakunja leso vizuri mara nne akairudisha. Alimshukuru Mama Dorsila kwa niaba ya idara. Alikuwa ameshashuka ngazi ya baraza alipomsikia akimwita.

"Bwana Mkubwa. Umesahau kulipa."

Alisimama. Akasema alidhani, kwa vile mambo yalivyokuwa, kwamba serikali...

"Wakati mashine ilikuwa ya serikali, ningeshona bure," akasema Mama Dorsila. "Sasa ni yangu."

Bwana Kihara akarudi akalipa. Na kwa kuwa alikuwa Bwana Kihara, akaomba risiti. Mama Dorsila akararua kipande cha karatasi ya kukatia sare, akachukua chaki yake ya kupimia nguo. Aliandika polepole kwa mkono wake mwenyewe, akakataa nimsaidie, na chini ya yale malipo, mahali pa sahihi, akaweka jina lake lote, na mbele ya jina akaandika: mwenye mashine.